Namna ya kupokea, kupima na kupitisha habari za mpaka ukiwa mkaaji wa Goma

Mkaaji wa Goma hutambua kwamba mambo yamechafuka kati ya Kongo na Rwanda kabla msemaji wa serikali yoyote hajafungua kinywa. Motari, yaani dereva wa pikipiki, anakataa kupeleka abiria Mugunga, bei ya maharagwe inapanda kabla ya saa nne asubuhi, foleni ya Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda, inasimama pasipo mtu kueleza sababu, na simu inajaa jumbe za sauti ambazo karibu zote zinaanza kwa «nimeambiwa». Katika saa hizo za kwanza raia wa kawaida hawezi kubadili yanayoamuliwa Kinshasa, Kigali, Doha au Washington. Hata hivyo, habari itakayotoka nyumbani kwake iko mikononi mwake: inaweza kutoka ikiwa imepimwa au ikiwa mbichi, na inaweza kumwacha jirani yake salama au kumtia hatarini. Mwongozo huu unahusu jambo hilo tu. Nimewaandikia baba na mama wa familia, mwanafunzi, mchuuzi wa Birere na mkuu wa nyumba kumi, kwa kuwa hao ndio ambao majirani huwakimbilia kuuliza, ingawa hakuna aliyewafundisha kazi hiyo.

Jua kwanza unataka kuamua nini

Familia katika mji wa mpakani huwa na maamuzi machache ya kweli kila asubuhi. Watoto waende shule au wabaki? Mama avuke kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, kuuza au asubiri kesho? Unga, makaa na maji vinunuliwe leo? Tubaki nyumbani au tuhamie kwa ndugu? Kaeni pamoja siku ya utulivu, myataje maamuzi hayo kwa sauti, na mkubaliane ni jambo gani likithibitika litawafanya mbadilishe utaratibu wa siku. Habari isiyogusa hata moja ya maamuzi hayo inaweza kusubiri hadi jioni, hata kama inasisimua na hata kama kila mtu katika avenyu anaizungumzia.

Nasisitiza hatua hii kwa sababu hofu huchosha akili. Mtu aliyeshinda akisikiliza sauti za watu wasiojulikana hufika usiku akiwa hana nguvu ya kuamua kitu chochote kwa utulivu, na hapo ndipo hufunga mzigo na kuondoka bila vyeti vya watoto, au hubaki pale ambapo alipaswa kuondoka. Januari 2025, waasi wa M23 walipoiteka Sake kisha wakaingia Goma tarehe 27 ya mwezi huo, watu wa kambi za pembezoni walikimbilia katikati ya mji wakati wakaaji wengine walikuwa wakitoka katikati kuelekea mpakani, na kila kundi lilikuwa na maelezo yake ya kwa nini upande lilikokwenda ndio ulikuwa salama.

Uliza nani aliona, wapi, na lini

Kila habari inayoingia nyumbani iulizwe maswali matatu kabla ya kurudiwa. Kwanza, aliyeileta aliona kwa macho yake, au aliambiwa na aliyeona, au aliikuta kwenye simu? Asiyejua ni nani aliyeona hana habari ya kukupa bado, na ni haki yako kumwambia hivyo kwa upole: «Ndugu yangu, mpigie aliyekutumia, umuulize yeye aliipata wapi, kisha unirudie.» Mara nyingi harudi, na kutorudi kwake ni jibu.

Swali la pili ni la mahali, na hapa mkaaji wa Goma anapaswa kuijua ramani ya mji wake na viunga vyake vizuri kuliko mtangazaji wa mbali. Sake iko yapata kilomita 25 magharibi ya mji, penye njia panda ya kwenda Masisi na ya kwenda Minova. Kibumba iko yapata kilomita 20 kaskazini, kwenye barabara ya Rutshuru. Mugunga ni mtaa wa Goma yenyewe. Anayesema «wamefika» na asitaje mahali, au anayetaja jina la barabara ndefu bila kusema ni sehemu gani ya barabara hiyo, amekupa hofu tu. Mtafute mtu unayemfahamu anayeishi hapo hasa, umpigie, na umuulize anachosikia na anachoona kutoka mlangoni mwake, si anachofikiri kitatokea.

Swali la tatu, la wakati, ndilo linalosahaulika zaidi, kwa sababu ujumbe wa sauti hauna tarehe ndani yake. Sauti ya mama anayelia akisema kwamba wamezingirwa inaweza kuwa ya leo asubuhi au ya Novemba 2012, wakati M23 ilipoingia Goma kwa mara ya kwanza tarehe 20 na kuondoka mwanzoni mwa Desemba, na anayeisikiliza hana njia ya kutofautisha. Wewe mwenyewe jizoeze kuanza kila ujumbe wako kwa kutaja siku, saa na mahali ulipo: «Leo Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, niko Ndosho, ninachokiona ni hiki.» Kikundi cha familia kikifuata desturi hiyo kwa wiki moja tu, jumbe zisizo na tarehe huanza kuonekana kuwa na kasoro, na watu huzishuku wenyewe bila kukumbushwa.

Wapo watakaokujibu kwa methali kwamba lisemwalo lipo, na ikiwa halipo laja. Methali hiyo imepita midomoni mwa wazee wengi na ninaiheshimu, lakini katika mji ambao watu hukimbia kwa kusikia, linalosemwa linaweza kuleta balaa lake lenyewe hata kama halikuwapo: duka hufungwa, bei hupanda, kijana anashikwa njiani na umati.

Picha inaonyesha nini, na haionyeshi nini

Ukipokea picha au video, tenganisha kile ambacho jicho linaona na kile ambacho maneno yaliyoandikwa chini yake yanadai. Tafuta mlima, ziwa, kibao cha duka, nambari ya gari, rangi ya sare, hali ya hewa. Je, mvua inanyesha kwenye video wakati huko inakodaiwa kutoka kumekuwa na jua tangu asubuhi? Je, lugha inayosikika nyuma ni ya watu wa hapa? Picha za vita vya zamani hurudi kila mara vita vipya vinapoanza, kwa kuwa ziko tayari na zinatisha.

Mfano mzuri wa mpaka wa uwezo wa picha ni tukio la tarehe 24 Januari 2023, wakati Rwanda ilipoifyatulia kombora ndege ya kivita ya Kongo aina ya Sukhoi-25. Video ilisambaa siku hiyohiyo na haikuwa ya uongo: ndege ilionekana, kombora lilionekana, na ndege ikaendelea hadi kutua Goma. Ila Kigali ilisema ndege ilikuwa imeingia katika anga yake, Kinshasa ikasema ilikuwa katika anga ya Kongo na ikaliita tukio hilo kitendo cha vita, na hakuna video iliyopigwa kutoka ardhini inayoweza kuonyesha mstari wa mpaka angani juu ya miji miwili iliyobanana kama Goma na Gisenyi. Aliyeitazama alikuwa na haki ya kusema «ndege imerushiwa kombora», na hapo ushahidi wa macho yake ulikuwa umekwisha.

Kusoma matamko ya nchi mbili

Serikali inayogombana na jirani yake huzungumza na watu wengi kwa wakati mmoja: askari wake, wapiga kura wake, adui, na mabalozi. Mkaaji wa mpakani ni wa mwisho katika orodha hiyo. Kwa hiyo soma tamko kwa kutafuta sentensi inayokuhusu: mpaka unafungwa saa ngapi, karatasi gani inatakiwa, barabara gani imezuiwa. Baada ya askari wa Kongo kuvuka Petite Barrière akifyatua risasi na kuuawa upande wa Rwanda tarehe 17 Juni 2022, maneno makali yalikuwa mengi kutoka pande zote, lakini lililobadilisha maisha ya maelfu ya wachuuzi lilikuwa uamuzi mfupi wa kufunga mpaka saa tisa alasiri.

Kuhusu kiini cha mgogoro, jua kila upande unasema nini ili usiwe mtu wa kurudia kauli za upande mmoja bila kuelewa. Kongo, pamoja na wataalamu wa Umoja wa Mataifa, husema kwamba jeshi la Rwanda linapigana pamoja na M23 ndani ya ardhi ya Kongo, na Baraza la Usalama, katika azimio 2773 la tarehe 21 Februari 2025, lilitaka jeshi la Rwanda liache kuisaidia M23 na liondoke Kongo mara moja. Rwanda imekuwa ikikana, na husema kwamba tishio kwake ni FDLR, kundi la Wanyarwanda wenye silaha lililo mashariki ya Kongo, ambalo miongoni mwa waanzilishi wake walikuwamo waliohusika na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mtu akikuonyesha ramani ya kale na kudai kwamba mkoa fulani ulikuwa wa ufalme fulani, kumbuka kwamba hoja hiyo imesikika pia kutoka kwa viongozi: Aprili 2023, akiwa Benin, Rais Paul Kagame alisema mipaka ya wakoloni iliacha sehemu ya Rwanda ndani ya mashariki ya Kongo na kusini-magharibi ya Uganda. Mpaka huu uliamuliwa Brussels mwaka 1910 na Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza, bila mwenyeji yeyote wa Kivu kuulizwa. Hata hivyo nchi huru za Afrika, zilipokutana Kairo mwaka 1964, zilikubaliana kuiheshimu mipaka zilizoikuta siku ya uhuru, na Umoja wa Afrika umeliweka jambo hilo katika mkataba wake wa kuundwa. Ukijua hayo matatu unaweza kuyajibu mabishano mengi ya mtaani kwa utulivu na kurudi kwenye kazi yako.

Habari za mikataba zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu zinaleta furaha ya haraka na watu huanza safari kwa furaha hiyo. Jiulize nani ametia sahihi, mkataba unaanza lini, na nani anausimamia. Mkataba wa Washington wa tarehe 27 Juni 2025 ni wa serikali mbili, ya Kongo na ya Rwanda. Mazungumzo ya Doha, yaliyozaa tamko la kanuni la tarehe 19 Julai 2025, ni ya serikali ya Kongo na AFC/M23, yaani M23 na muungano wa waasi ambao imo ndani yake. Marais wa nchi hizo mbili walikutana Washington tarehe 4 Desemba 2025, na mwezi huohuo vita vikafika mji wa Uvira. Anayerudi nyumbani Masisi au Rutshuru aongozwe na simu ya aliye kule leo, na sahihi zilizotiwa mbali zimpe matumaini tu.

Usimfanye jirani kuwa nchi

Hapa ndipo ningependa msomaji akae zaidi, kwa kuwa makosa mengine hurekebishika na hili halirekebishiki. Hasira juu ya mpaka ikipanda, watu huchanganya mambo matano: serikali ya Rwanda, jeshi lake, kundi la M23, jamii za Wakongo wanaozungumza Kinyarwanda, na mtu mmoja aliye mbele yao mwenye pua ndefu au lafudhi fulani. Kila mojawapo lina hukumu yake. Novemba 2023 askari wa jeshi la Kongo aliuawa na umati hapa Goma kwa sababu watu walimtazama sura wakadhani ni wa M23.

Yafaa kila nyumba ijue ukweli huu na iwafundishe vijana. Watu wazungumzao Kinyarwanda walikuwa Bwisha, katika Rutshuru ya leo, kabla mstari wa 1910 haujachorwa. Wengine waliletwa Masisi na serikali ya Wabelgiji kufanya kazi mashambani, kati ya mwaka 1937 na miaka ya 1950. Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 inawatambua kuwa Wakongo wa asili watu wote wa makabila ambayo watu wake na ardhi yake vilikuwa sehemu ya Kongo wakati wa uhuru. Lugha ya mtu haimwondolei uraia, na familia ya mtu haibebi lawama ya jeshi.

Namna ya kufanya ni hii. Usipitishe ujumbe wowote unaotaja kabila pale ambapo kutaja tendo kungetosha; «watu wenye silaha wamepora duka» ni habari kamili. Ujumbe ukitaja jina la mtu, nyumba yake au picha yake na kumwita mpelelezi au msaliti, usiusambaze hata kwa lengo la kuukanusha, kwa maana anwani itaendelea kusafiri na kanusho litabaki nyuma. Mjulishe mhusika mwenyewe kwa simu, faraghani, ili ajue na aweze kujihifadhi. Umati ukianza kukusanyika kumzunguka mtu, wito wa kwanza usiwe «muacheni», unaokufanya uonekane mwenzake. Mwite kwa jina la kazi yake au la uhusiano wake na mtaa, kwa sauti kubwa, ukiwa na mwenzako: «Huyu ni mwalimu wa watoto wetu», «Huyu ni shemeji wa mama wa kona». Mtu mwenye jina na nafasi ni mgumu kugeuzwa kuwa adui. Mkuu wa avenyu, mchungaji au padri, na mama mwenye kibanda ambaye kila mtu humnunulia chumvi, hao wajuane mapema na wawe na nambari za simu za wenzao, kwa sababu mtu mmoja peke yake hawezi kusimamisha umati.

Wala usiwasahau wa ng'ambo. Mchuuzi wa Gisenyi anayekuletea maziwa na karoti alfajiri si aliyeandika amri ya kijeshi, kama vile wewe hukuiandika. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipotema moto, maelfu ya watu wa Goma walilala upande wa pili wa mpaka huohuo. Mweleze kwa uwazi hofu yako, muulize ya kwake, na msibishane kuhusu vita mkiwa mnapimiana bidhaa.

Ukivuka wakati wa mvutano

Hakikisha saa ya kufunga asubuhi ya siku hiyo, wala usitegemee ya jana, na upange kurudi mapema kuliko saa hiyo, kwani mpaka ukiwahi kufungwa hakuna atakayekusubiri. Tarehe 1 Agosti 2019, Rwanda ilifunga kwa saa chache tu kwa sababu ya Ebola, na saa hizo zilitosha kuwaacha watu pande mbili wakitazamana. Kitambulisho chako na jeton yako, karatasi ya kuvukia mpaka, viwe mwilini, si ndani ya mzigo. Punguza mkopo kati yako na mwenzako wa ng'ambo hadi kiasi ambacho kila mmoja wenu anaweza kukipoteza bila kufilisika, na mwambie mtu wa nyumbani ni nani atawachukua watoto shuleni usiporudi. Usipige picha wala video karibu na askari wa upande wowote.

Fedha nayo iangaliwe. Benki za Goma zilifunga milango Januari 2025 na watu wakabaki na M-Pesa na Airtel Money, pamoja na noti zilizokuwa mkononi. Weka akiba ndogo kwa noti safi za thamani ndogo, faranga na dola, maana dola yenye mpasuko hukataliwa hata siku za amani.

Simu na redio

Simu yako inaweza kukaguliwa na yeyote mwenye silaha, na kilichomo kinaweza kueleweka vibaya. Toka kwenye vikundi ambavyo watu hutumiana picha za maiti na matusi ya kikabila. Zima upakuaji wa kujiendesha, ili picha zisijihifadhi zenyewe. Futa video za kijeshi. Nambari muhimu ziandikwe kwenye karatasi, kwa sababu umeme na mtandao hukatika pamoja. Redio ndogo ya betri bado ni kifaa bora kuliko vyote kwa siku hizo. Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002, hutangaza pia kwa Kiswahili, na ukiisikiliza pamoja na idhaa nyingine moja ya nje, mara mbili kwa siku kwa saa maalumu, utakuwa umejua mengi kuliko aliyekesha na simu. Watoto wasikilize pamoja na mtu mzima anayeweza kuwajibu, na wanapouliza kama vita vitafika, waambieni mpango wa familia badala ya kuwaahidi jambo msilolijua.

Ukigundua kwamba habari uliyopitisha si ya kweli, usiifute kimyakimya. Rudi kwenye kila kikundi ulikoipeleka, ueleze ni habari ipi, ulipoitoa, na nani sasa amekuthibitishia kinyume chake na kutoka mahali gani. Kisha umpigie simu yule aliyekutumia, na umwombe afanye vivyo hivyo kwa wale wa kwake, hasa kama yuko Bukavu au Kinshasa, ambako hakuna dirisha la kuchungulia barabara ya Goma.